Seti ya kukarabati kabureta pacha za SU HS4 za MGB: uzoefu wangu

Nimeitumia seti hii kwenye MGB, gari la michezo la Kiingereza, ya miaka ya 1960, injini ya cc 1798 yenye kabureta mbili za SU HS4, zile za inchi 1.5. Vilivyomo ndani ni vizuri. Tatizo ni kwamba inauzwa kwa ukubwa wa aina mbili, na ile ndogo ambayo wengi huichukua haigusi ugonjwa mkuu wa kabureta hizi. Chukua kubwa, yenye shafti na bushi (vijirija ambamo shafti huzunguka), au usinunue chochote kabla hujapima shafti ulizonazo.

Shafti ya kipepeo cha hewa, yaani kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ina kipenyo cha inchi 5/16, karibu milimita 7.9, nayo huzunguka moja kwa moja ndani ya bodi ya aluminiamu. Kwa kuwa springi na mkono wa ekseleta huivuta upande uleule kila siku, tundu huliwa upande mmoja na shafti hulika pia. Hewa isiyopimwa inapenya hapo. Sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, inapanda na kushuka, na hakuna namna ya kuipanga ikatulia. Wengi huongeza mafuta ili kuificha hali hiyo, kisha wanashangaa plagi zimejaa masizi.

Kupima ni rahisi. Kabureta zikiwa bado kwenye injini, shika ncha ya shafti uitikise juu na chini, si kuizungusha. Ukihisi mchezo, washa injini na udondoshee oili nzito kidogo kwenye ncha hiyo. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia. Usipulizie dawa ya kusafishia kabureta kama video nyingi zinavyoonyesha. Kwenye injini hii bomba la moshi liko upande uleule, chini kabisa ya kabureta, na dawa hizo zinashika moto.

Seti kubwa ina jeti 2 (vitundu vinavyotoa petroli) pamoja na mipira yake ya mafuta, sindano 2 zinazoingia ndani ya jeti kuipima petroli, vali 2 za boya (zinazozuia petroli isizidi) na viti vyake, shafti 2, skrubu 4 za vipepeo, bushi 4 na gasketi zote. Jeti ndizo zilizonifurahisha zaidi: ya mbele na ya nyuma zimewekewa alama, maana mipira yake haifanani na ukizichanganya mpira utajikunja. Vali za boya zina ncha ya mpira unaostahimili petroli yenye ethanoli. Gasketi moja kati ya kabureta na manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) ilikuwa na tundu dogo kuliko koo la kabureta, ikabidi ikatwe. Ilinganishe na ya zamani kabla hujafunga. Karatasi ya maelekezo haina maana yoyote. Inaonyesha picha ya kabureta ya aina nyingine.

Kabla ya kufungua, weka alama kila kitu cha mbele na cha nyuma. Pistoni ya kabureta (ile inayopandishwa na mvuto wa hewa, siyo ya injini) na chemba yake vimechongwa pamoja kiwandani, kwa hiyo pistoni ya kabureta moja haiendi kwenye chemba ya nyingine. Visafishe kwa petroli na kitambaa tu. Msasa, hata ule laini, unaongeza nafasi kati yake, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua pistoni ipande kiasi gani. Ukitaka kujua kama bado ni vizima, ziba matundu ya chini ya pistoni, weka dampa (kijiti chenye oili kinachotuliza pistoni) mahali pake, geuza juu chini na uiachie chemba iteleze: ichukue sekunde 5 hadi 7. Ikidondoka upesi kuliko hapo, imelika, na hakuna seti itakayokusaidia.

Skrubu za kipepeo zina ncha zilizopasuliwa na kutanuliwa ili zisifunguke. Zibane kwanza kwa koleo ndipo uzifungue, la sivyo zitaharibu nyuzi za shafti zikitoka. Mpya nazo lazima uzitanue baada ya kukaza, huku umeitegemeza shafti kwenye ubao. Skrubu ikilegea, inamezwa na injini.

Bushi ndiyo kazi yenyewe. Zina kipenyo cha nje cha inchi 3/8, hivyo tundu lazima lipanuliwe kwa rima (kifaa cha kupanua tundu kwa usahihi) ya ukubwa huo, siyo kwa biti ya dirili, ambayo hufuata upande uliokwisha kulika na kuacha tundu limepinda. Panua upande mmoja, ingiza bushi, kisha tumia upande huo kuongoza rima kwenye wa pili. Seti haina rima. Kama huna mashine ya kusimamisha dirili, mpe fundi wa leithi (mashine ya kuchonga chuma) bodi, shafti na bushi afanye yeye. Kwake ni kazi ndogo. Baada ya hapo shafti izunguke kwa wepesi bila kukwama, na ukikifunga kipepeo na kukimulika kwa taa, mwanga uonekane sawasawa ukingoni pande zote au usionekane kabisa.

Mpira wa jeti unapoingia kwenye chemba ya boya, hakikisha ncha yake imetokeza angalau milimita 4.8 kupita kipete cha mpira kabla ya kukaza nati. Ikiwa fupi zaidi itavuja, na chini yake ni lile bomba la moshi.

Urefu wa boya: geuza kifuniko juu chini, acha boya lifunge vali kwa uzito wake, kisha pima nafasi kati ya boya na ukingo wa kifuniko. Iwe milimita 3.2 hadi 4.8, biti ya dirili ya inchi 1/8 inatosha kuwa kipimo. Boya lenye mkono wa chuma unaupinda kidogo. La plastiki tupu halipindiki, unaongeza washa (ringi nyembamba) chini ya kiti cha vali. Kama gari lina pampu ya umeme isiyo ya asili, angalia presha yake. Ikizidi sana psi 3 italazimisha vali kufunguka, na petroli itamwagika hata kama vali ni mpya.

Gari langu lina sindano zisizocheza, zenye alama ya namba 5 kwenye shina, na seti ilizileta hizohizo. Bega la sindano liwe sawa kabisa na uso wa chini wa pistoni. Sindano za aina hii zinataka jeti iwe katikati: legeza nati kubwa ya jeti, shusha pistoni hadi chini, pandisha jeti hadi mwisho, kaza. Inua pistoni kwa kidole uiachie. Lazima igonge chini kwa mlio mkavu, na mlio uwe uleule jeti ikiwa juu au ikiwa imeshushwa. Usipofanana, rudia. Magari ya baadaye yana sindano inayoegemezwa upande mmoja kwa springi, na hayo hayahitaji hatua hii.

Usiguse marekebisho ya mafuta kabla nafasi ya vali za injini haijawa milimita 0.38 injini ikiwa baridi, nafasi ya plagi milimita 0.64, na taimingi (wakati wa kuwaka cheche) kuwa sawa. Kisha shusha nati ya kila jeti pande 12 kutoka juu, yaani mizunguko 2 kamili. Washa injini, ipate moto, legeza viungo vinavyounganisha shafti mbili, na upange skrubu za sailensi hadi mvumo wa hewa ulingane kwenye kabureta zote mbili. Mpira mwembamba wa maji ukiuweka sikioni unatosha. Mimi huiacha karibu mizunguko 800 kwa dakika.

Mafuta unayapima kwa kuinua pistoni ya kabureta moja takriban milimita 0.8. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, mafuta ni mengi, pandisha nati upande mmoja. Ikitaka kuzima, ni machache, ishushe. Ikiongeza kidogo kisha ikatulia, acha. Rudi kwenye kabureta ya kwanza ukimaliza ya pili, kwa sababu moja huivuruga nyingine.

Dampa inataka oili ya SAE 20. Kofia yenye tundu la hewa: jaza hadi milimita 13 juu ya ncha ya bomba la pistoni, isiyo na tundu, milimita 13 chini yake. Bila oili, pistoni hupanda haraka mno na gari husita ukikanyaga ghafla.

Matokeo: sailensi imetulia, choki inarudishwa mapema, na harufu ya petroli baada ya kuzima imekwisha. Naipa seti kubwa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ile gasketi na karatasi ya maelekezo. Ndogo naipa 2, isipokuwa kama shafti zako hazina mchezo kabisa. Ukiweka vichujio vya hewa vilivyo wazi zaidi, tafuta pia sindano namba 6, kwani namba 5 inaweza kupungukiwa mafuta injini ikikimbia kwa nguvu, na hizo huuzwa peke yake.