Mafuta ya asumini: testa ilikuwa asumini kweli, nilichouziwa sijui ni nini

Jamani mie na asumini msinichezee. Nimekulia Unguja, uwani kwetu ulikuwepo mwasumini na jioni tulikuwa tunachuma yale matumba kabla hayajafunuka, tunatunga kwenye uzi, mengine yanaingia kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, pamoja na rehani na kilua, usiku yakifunuka nyumba nzima inajua. Kwa hiyo mtu asije akanifundisha asumini inanukiaje.

Sasa kuna duka Kariakoo, jina nalihifadhi, wanauza mafuta ya kupima kwa tola, kile kipimo kidogo cha manukato. Siku nilipopita kijana muuzaji alinipaka mkononi ya kwenye testa, ile chupa ya kujaribia, na kile kijiti cha kioo, aisee nilisimama pale pale. Maana asumini nyingi za madukani ni utamu mtupu, kama sabuni ya kuogea, lakini ua lenyewe usiku lina kauvundo fulani kwa chini, kazito, kanakera kidogo ukisogeza pua karibu, na hako ndo kanakofanya uijue ni asumini. Yale mafuta yalikuwa nako! Bei haikunitisha, maana asumini huwezi kuikamua kwa kuichemsha kwa mvuke kama karafuu, joto linaua harufu, na inataka mamia ya kilo ya maua kupata kilo moja ya mafuta. Nikalipa nusu tola, kijana akaingia nyuma ya pazia akanijazia kichupa.

Nafika nyumbani nafungua, hamna kitu. Utamu tu, eafreshena ya chooni. Ule uzito haupo kabisa. Na rangi pia, ya kwenye testa ilikuwa imekolea kama chai ya rangi, yangu nyeupe utasema maji. Haya, nilijisemesha, asumini ya kweli inazidi kukolea ikikaa, labda testa ni ya siku nyingi na yangu imefunguliwa juzi, nikaiacha kwanza. Ikakaa, ikakaa, wapi.

Nikarudi na kichupa na risiti, na salamu nzuri tu. Wallahi yule kijana hata kichwa hakuinua kwenye simu. Nikamwambia mwanangu, naomba uninusishe testa na hii tulinganishe. Akasema "Mama, mafuta ni yale yale, pua yako ndo imechoka." Pua yangu! Mbele ya wateja! Nikasema basi fungua testa tunuse wote, akasema testa imeisha, na mie naiona, ipo rafuni nyuma ya bega lake! Halafu akaongeza eti asumini halisi haina harufu nzito, hiyo unaisikia wewe tu, wenzako hawalalamiki. Mtoto amezaliwa juzi ananiambia mie asumini halisi haina harufu nzito. Nilitetemeka. Pesa siyo issue, angenirudishia nusu ningeondoka, ila kuambiwa pua imechoka na mtu ambaye nina hakika tumba la asumini hajawahi kulishika, hiyo sitaisamehe leo wala kesho.

Nyie mtauliza, sasa mafuta mabaya au mazuri? Ukweli ukiipaka kwenye kanga, kesho yake asubuhi kinabaki kitu kizuri, kimetulia, majirani wananiuliza umejifukiza nini. Kwa hiyo siyo takataka. Kama huijui asumini utaipenda na utaona nimekuza mambo. Nilikuwa nataka kuandika msinunue kabisa, lakini yale ya kwenye testa ndo asumini bora niliyoikuta dukani tangu nihamie Dar, siwezi kudanganya. Ukienda, usikubali akujazie nyuma ya pazia, mwambie atoe kwenye chupa ile ile uliyonusa, mbele ya macho yako, na unuse tena kabla hujatoa hela. Akikataa ondoka.

Hapana, hata hivyo msiende. Nikikumbuka lile neno damu inapanda upya. Duka limejaa udi na mawardi na vichupa vya dhahabu halafu adabu hakuna, nani kawaambia mteja ni wa kudharauliwa akishalipa?

Anayejua duka lingine lenye asumini ya vile, yenye ule uzito, anielekeze tafadhali. Hata iwe bei mara mbili nitalipa. Hiki kichupa nishampa binti yangu.