Mizizi ya dandelioni: mimi nakunywa, baba watoto nimemkataza

Nilinunua pakiti ya gramu 100 ya mizizi iliyokaangwa, duka la mitishamba hapa Leicester. Chanzo ni ujumbe wa sauti wa shangazi kwenye grupu la familia: eti inasafisha ini. Hakuna aliyemuuliza ini linachafukaje.

Mmea wenyewe aliyeishi Uingereza ameshaukanyaga. Ni ule wa maua ya njano unaojaa kwenye nyasi kuanzia Aprili, ua likikomaa linageuka manyoya meupe ambayo watoto huyapuliza. Jina lake limetokana na Kifaransa, "jino la simba", kwa vile majani yamechongoka. Ukilikata jani linatoa utomvu mweupe, nami nikaukumbuka mchunga wa kwetu Tanga. Kumbe ni wa ukoo mmoja, na alizeti yumo pia. Mwenye mzio wa mimea ya jamii hiyo asiiguse.

Kuloweka tu kwenye maji ya moto hakutoshi, ni mizizi hii. Mimi nachemsha kijiko kimoja cha chai kwa moto mdogo kama dakika 10, nachuja. Inatoka rangi ya kahawa, harufu kama mahindi ya kuchoma yaliyobabuka, na uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Kwa aliyelelewa kwa mwarobaini, huu si uchungu. Nilikunywa na kashata, ikateremka vizuri tu.

Wiki ya kwanza nilijitia ushujaa, vikombe vitatu kwa siku. Tumbo likaunguruma, gesi usiseme. Mizizi hii imejaa inulini, nyuzinyuzi ambazo bakteria wa utumbo huzichachusha. Usiku nikawa naamka kwenda haja ndogo mara mbili, tatu. Wafaransa wanauita mmea huu pia "kojoa kitandani", na sasa najua hawatanii. Nilipobaki na kikombe kimoja cha asubuhi, yote yakatulia.

Kilichoniudhi ni lebo. Inawaonya wajawazito tu, basi. Baba watoto naye alitaka kuanza, na yeye ana vijiwe kwenye mfuko wa nyongo na anameza lisinopril ya presha. Nikabeba pakiti na vidonge vyake hadi kwa mfamasia wa mtaani. Hakunitoza hata senti. Akasema mizizi hii huchochea nyongo itiririke; mwenye vijiwe, kimoja kinaweza kusogea kikaziba njia. Halafu lisinopril hupandisha potasiamu mwilini, na mmea huu una potasiamu yake, kwa hiyo inaweza kuzidi. Akauliza pia kama nyumbani kuna anayetumia lithiamu (dawa ya maradhi ya akili), dawa za kuyeyusha damu au za kisukari. Kuhusu kusafisha ini, alisema ushahidi kwa binadamu ni haba mno.

Shangazi bado anauliza ini limetakata kiasi gani. Nimemjibu kikombe ndicho kilichopata madoa.

Na jamani, msiende kuchimba bustani za umma ili kuokoa pauni chache. Pale huenda pamepigwa dawa za magugu, na mbwa wote wa mtaa hupita.

Nyota 3 kati ya 5: kama kinywaji badala ya kahawa ningeipa 4, lebo imeila moja. Pakiti imebaki robo. Ikiisha nitanunua nyingine, ila ya kampuni itakayothubutu kuandika neno "nyongo" kwenye onyo lake.