Matembezi ya maua ya porini Kwale: pesa yafaa, ila waanze mapema

Kama mko Mombasa na mmesikia watu wakisema wanaenda "kuona maua" Kwale mkadhani ni bustani ya kupigia picha za harusi, siyo. Ni kutembea kwa miguu kwenye vijia vya mashamba, nje ya hifadhi ya Shimba Hills, kijana wa kijijini anatangulia anawaonyesha vitu vinavyochanua kando ya njia mvua za masika zikishapiga. Sisi tulilipa 1,500 kwa kichwa na chakula cha mchana ndani, nauli juu yako. Nyota nne nawapa, na ile ya tano ntasema imeenda wapi.

Kufika si shida. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, ukivuka unapanda matatu ya Kwale, ikifika Kombani inakata kulia inaanza kupanda kilima na joto la mjini unalisahau. Wenye gari wapite barabara ya Dongo Kundu wasijisumbue na foleni ya feri.

Sasa maua yenyewe. Nasema ukweli, nusu saa ya kwanza shangazi yangu aliyekuja nasi alikuwa amenuna, ati amelipa pesa nzuri aonyeshwe magugu, manake kituo cha kwanza kilikuwa mchunga, vile viua vya manjano vinavyoota mpaka uwanjani kwake bila kupandwa. Yule kijana hakukasirika, akamwambia tu "mama, hilo gugu ndo mboga yako ya mchana." Na kweli mchana tukaletewa mchunga umepikwa kwa nazi, uchungu wake umebaki kidogo vile unavyotakiwa, na wali, na samaki wa kupaka, na shangazi akaongeza sahani ya pili bila kumwangalia mtu usoni.

Hapo ndo utaona kwanini unalipia mtu wa kukuongoza. Peke yangu ningepita hiyo njia nikasema ni kichaka tu. Kuna kivumbasi, ukikisugua mkononi harufu inapanda mpaka kichwani, yeye anasema kwao hukichoma jioni kufukuza mbu. Kuna ule mtambaazi wa maua ya rangi ya chungwa yenye doa jeusi katikati, Thunbergia, watu ng'ambo hununua mbegu zake wapande kwenye vyungu na huku kwetu wajipandia wenyewe kwenye uzio wa mtu. Kuna kile kiua cha rangi ya waridi kilichojaa makaburini na kando ya nyumba za pwani nzima, asili yake Madagaska, na ndicho kilichotoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini, wallahi maisha yangu yote nimekipita nikikiona takataka. Lantana pia ipo kibao, nzuri kwa macho lakini ni mgeni kutoka Amerika aliyekuja akakaa, inafunika malisho na ng'ombe akiila inamdhuru, wafugaji wa kule hawataki hata kuisikia.

Ila lililonimaliza ni Gloriosa. Lapanda kwenye vichaka kwa ncha za majani yake, petali zimepinda kwenda juu, nyekundu na manjano kama miali ya moto, na hakuna aliyelipanda wala kulimwagilia. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Sasa wenye watoto sikizeni, lina sumu mmea mzima, hasa kile kiazi cha chini, ndani kuna kolkisini, ile ile hospitali hutumia kwa kipimo kidogo kutibu jongo, yale maumivu ya viungo. Kijana alisema hili kabla hata mtoto wa mwenzetu hajanyoosha mkono, na hapo nikajua anaijua kazi yake. Pia tulipofika karibu na msitu wa kaya, ule msitu mtakatifu wa Mijikenda, akatusimamisha mbali, akasema hapo hatuingii wala hatuchumi kitu, mwisho wa maneno. Nilipenda hivyo. Kaya za Mijikenda ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 lakini yeye hakutaja hiyo, alisema ni pa wazee, basi.

Haya, nyota ya tano. Walituambia saa mbili asubuhi, tukaondoka saa nne na zaidi kwa sababu kuna kikundi kingine kilikuwa kinasubiriwa. Kwa safari nyingine ningenyamaza, lakini maua haya yana saa zake jamani! Kongwe, kile kiua kidogo cha buluu, hufunguka asubuhi na kuelekea adhuhuri kimeshanywea, sisi tulikuta shamba zima limejikunja, mmoja mmoja tu chini ya kivuli cha mnazi ndo umebaki wazi. Tena jua la saa sita hata picha hazitoki. Mkiweka nafasi waambieni mapema kabisa kwamba mwataka kuanza saa moja, na asiyefika aachwe.

Wakati mzuri ni Aprili mwishoni mpaka Juni, vuli nayo si mbaya, lakini Januari na Februari msiende, kumekauka mtalipia vumbi. Suruali ndefu ni lazima, nilivaa dera nikamaliza siku nang'oa kishonanguo kwenye pindo, na viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya mbigili. Msiulize kama mtaona palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, au tembo, hao wako ndani ya hifadhi na huko kiingilio ni chake na huzururi kwa miguu bila askari. Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku yenu, boda haipandi kile kilima cha mwisho, mtashuka msukume.