Kamera ya 360 kwa mutu wa Goma, mbele ya kuuliza 8K, ule ukali wa picha, uliza lensi

Mwezi huu lalamiko ni lile lile. Mutu ananunua kamera ya 360, ile inayopiga pande zote mara moja, anapiga nayo muzuri, kisha kidogo kidogo video zake zote zinaanza kuwa na doa jeupe pahali pamoja. Mmoja alinitumia kipande cha arusi kando ya ziwa: bibi arusi anashuka ngazi, jua la saa kumi limemupiga usoni, na juu ya shela kuna musitari wa ukungu unamufuata kama nzi asiyefukuzika. "Yaya, hii ni programu ama ni simu yangu?" Ndugu yangu, si programu. Ni mukwaruzo juu ya lensi, na hautoki.

Kwa hiyo leo sitawaambia batri inashika dakika ngapi wala inazama maji mita ngapi, ile yote imeandikwa nyuma ya boksi. Nataka tuongelee vioo.

Kamera hizi ziko na lensi mbili zimevimba, moja mbele moja nyuma, na kila moja inaona zaidi ya digri 180 ili programu ipate pahali pa kushonea picha mbili zikuwe moja. Maana yake haina upande wa kuilazia. Ukiiweka mezani, jicho moja linagusa meza, na mu Goma niambie meza gani haina muchanga? Vumbi letu ni makoro, mawe ya volkano, yaliyosagika, mulima wa moto Nyiragongo imetumwagia ya 2002, ikaongeza ya 2021, na ukipangusa lensi na pindo la kitenge ujue unaisaga na mawe. Tena kamera inayoona pande zote haiwezi kukwepa jua, jua liko ndani ya picha kila saa, likipata ule mukwaruzo linatawanyika na kuharibu robo ya video. Kwa kamera nyingi kioo kile kimefungwa kiwandani, ukitaka kingine unatuma kamera yote ng'ambo, na nani anajua itarudi lini.

Nikipanga kwa hiyo hesabu, ya kwanza ni Insta360 X5 ya 2025, na sijifichi, hii njo kampuni ninaipenda. Lensi yake ikikwaruzika unanunua seti ya kubadilishia, unaibandua na kuweka ingine wewe mwenyewe nyumbani. Sensa zake, vile vipande vya ndani vinavyokamata mwanga, ni kubwa kuliko za X4 iliyoitangulia, kwa hiyo mu ukumbi wenye taa moja ya jenereta haitakutia aibu sana. Ilitoka kwa dola 550 na bado nasema lipa, juu kamera ambayo unaweza kubadili jicho lake itakufanyia kazi myaka.

Ya pili GoPro Max 2, nayo ya 2025, ilitoka kwa dola 500. Kwa lensi peke yake hii ingekuwa ya kwanza, unazungusha tu na mukono inatoka, hata bisibisi hauitaji. Niliishusha juu ya programu ya simu, ile ya Insta360 mutu asiyejua montaji, kukata na kuunga video, anaielewa siku moja. Kama unapanda Nyiragongo ama unapiga video juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, mu barabara ya mawe, chukua hii wala usinisikilize.

Ya tatu ni Insta360 X4 ya 2024, kwa masharti. Lensi yake haubadili mwenyewe, lakini mu boksi mnatoka vifuniko vya kuzungusha juu ya lensi, na vile vikikwaruzika unatupa unaweka vingine. Usiku vinaleta mwanga wa ajabu ajabu karibu na taa, basi vitoe ukiwa ndani, uvirudishe mbele ya kutoka mulango.

DJI Osmo 360 najua mutanigombeza. Picha yake ni nzuri, inafika 8K kwa fremu 50 kwa sekunde, sawa. Lensi? Hauwezi kubadili mwenyewe. Nne.

Za bei ya chini, Insta360 X3, GoPro Max ya zamani ya 2019, ni 5.7K ama chini kidogo ya hapo, na ukigawa upana ule kwa duara yote, dirisha ambalo mutu anaangalia linabaki na pikseli kama 1,400 tu kwa upana. Ya kujifunzia, sawa. Samsung Gear 360 usinunue, hata kwa dola 50.

Sasa kuonyesha. Mwaka 1900 kule Paris mutu wa sinema Raoul Grimoin-Sanson alihitaji projekta 10 zilizopangwa duara kwa kazi hii hii, sisi tunavaa kaske, ile miwani mikubwa yenye kioo ndani inayokuonyesha video pande zote. Meta Quest 3S ilianza kwa dola 300 na inatosha kabisa kwa arusi. Quest 3 iko na lensi safi zaidi, lakini shangazi watano wakishaivaa na poda yao hautaona tofauti. Kitu kimoja tu: usiiache mezani lensi zikiangalia jua, hata dakika chache, zile lensi zinakusanya mwanga na kuchoma kioo cha ndani. Doa lile nalo halitoki.

Na wauzaji. Hapa nitasema juu nimechoka. Kuko duka wanatoa vile vifuniko vya X4 mu boksi kisha wanakuuzia wewe mwenyewe kando, "ni aksesware hiyo mama". Wengine wanaonyesha kamera kwa kila mupita njia, kidole cha mafuta ya samosa juu ya lensi, wanapangusa na tishati, halafu wanakuambia ni mupya. Karte za kuwekea video nazo! 8K inakula giga moja na zaidi kwa dakika, unanunua karte imeandikwa giga 256, ikishajaa kidogo video zinaanza kupotea, ukirudi anakuuliza kama uliitoa kamera ikiwa imewaka. Bei ndiyo hata siisemi, wanaongeza dola mia juu ya bei ya kampuni na sababu ni "imepitia Kigali", kama Kigali ni mwezini.

Basi ukifika, washa tochi ya simu, ipige kwa upande juu ya lensi zote mbili, siyo mbele, kwa upande, njo mikwaruzo inaonekana. Muambie afungue boksi, uhesabu vifuniko. Jaza karte yote na video mbele yake kisha uangalie za mwisho kama zinafunguka. Akianza kusema unamuchelewesha, ana wateja wengine, muachie kamera yake.