TAHADHARI: Betri za "litiamu 200Ah" zinazouzwa kwenye maegesho ya malori

Wakuu, hasa mnaopiga njia ya Tunduma kwenda Zambia na Kongo, kuna tapeli anawauzia madereva betri za ziada za kuendeshea friji, feni na inveta ndani ya kabini. Anaziita litiamu, 200Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inatunza), waranti miaka mitano, na bei haifiki hata nusu ya ile ya madukani. Msinunue. Kama kuna dereva mwenzako anayeongea naye sasa hivi, mpigie simu umwambie asitume hata shilingi ya kutanguliza.

Mimi ni fundi umeme wa malori. Betri zake nimezikata mwenyewe, wenye mali wakiwa wamesimama pembeni, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Boksi lina lebo nzuri, vichwa vinang'aa, na mpini wa kubebea upo. Ndani kuna betri mbili ndogo za risasi, zile za 12V 7Ah zinazokaa kwenye UPS za kompyuta, zimefungwa sambamba. Nafasi yote iliyobaki imejazwa zege. Na zege hilo limepimwa: litiamu ya kweli ya 200Ah huwa na uzito wa kilo ishirini na kitu, na boksi lake linafika humo humo, kwa hiyo dereva anayepima kwa kunyanyua anaridhika kabisa. Umelipia 200Ah, umepewa 14. Friji ndogo ya kabini inavuta ampea 4 hadi 5 kompresa ikizunguka. Umefika kwenye foleni ya mpaka, umezima gari saa moja jioni. Saa nne usiku friji imekufa na simu haichaji. Mtu ana siku kadhaa za kukaa pale, chakula chake kinaoza, na hela aliyonunulia ni posho ambayo ilikuwa iende nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma.

Ujanja wake mkubwa uko kwenye kuonyesha. Anakuja maegeshoni jioni, anafunga haraka haraka, halafu anakwambia, "Usizime gari kwanza kaka, iache ichaji." Injini inanguruma, altaneta inazalisha, yeye anawasha friji, runinga na feni kwa pamoja na kila kitu kinafanya kazi. Bila shaka kitafanya kazi! Umeme ule unatoka kwenye altaneta. Ukija kuzima gari yeye keshaondoka, na namba yake haipatikani tena. Risiti ya EFD hatoi. Anakuachia kadi ya waranti isiyo na jina la duka.

Kwa hiyo muuzaji yeyote, hata mwenye duka, mwambie betri ipimwe ikiwa peke yake, haijaunganishwa na gari wala chaja. Chukua taa mbili za 12V za 55W, ziunge kwenye betri, ziache ziwake dakika kumi, kisha pima volti kwa mita taa zikiwa bado zinawaka. Litiamu ya 12V ya ukubwa huo yenye chaji itasoma 13 au zaidi, tena itatulia hapo. Hii takataka ya zege itakuwa imeshuka karibu na 12, na inaendelea kushuka. Usikubali kupima bila mzigo, yaani bila taa au kitu kingine kinachovuta umeme, maana betri ya risasi iliyotoka kwenye chaja sasa hivi inaweza kukuonyesha 13 ya uongo kwa muda. Ukiwa na nafasi, kaa naye saa tatu taa zikiwaka. Betri ya 200Ah haitishwi na saa tatu za mzigo kama huo. Tapeli atapata dharura.

Betri yenyewe ni nusu tu ya hatari. Malori yetu ni ya 24V, betri mbili za 12V kwa mfuatano, na huyu bwana anachukua 12V kutoka betri moja tu ili kuchaji boksi lake. Betri ile inanyonywa kila siku bila kujaa, mwenzake inazidishiwa chaji mpaka maji yanachemka, na mwisho zote mbili zinakufa. Halafu stata inagoma ukiwa umesimama kwenye mlima wa Kitonga na mzigo mgongoni. Kutoka 24 kwenda 12 kunahitaji kifaa cha kushusha volti, na betri ya ziada inahitaji rilei ya kuitenganisha na betri za kuwashia gari.

Waya anaotumia ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ndani utaona mweupe. Fyuzi haweki, na waya unapita chini ya kitanda ukisuguana na bati. Inveta ya wati 1000 kwenye betri ya 12V inavuta zaidi ya ampea 80. Waya wa namna hiyo unawaka moto dereva akiwa amelala juu yake. Ninyi mnaobeba mafuta, nawasihi sana.

Kama mfuko hauruhusu litiamu, funga betri mbili za risasi za N150 (12V, 150Ah kila moja) kwa mfuatano, zitoe 24V kama za gari, na usizinyonye kupita nusu. Ni nzito, lakini unajua ulichonunua.

Mliokwisha kulizwa: kabla hujalala leo, toa waya wake kwenye betri ya gari, anza na hasi. Boksi usilitupe, na tafadhali usimuuzie dereva mwingine ili urudishe hela. Peleka boksi hilo polisi pamoja na ujumbe wa muamala wa simu, na suala la lebo bandia lifikishe Tume ya Ushindani. Betri za gari zichajiwe kila moja peke yake hadi zijae, kisha fundi azipime zote mbili kabla hujaanza safari nyingine.