Mafunzo ya wajumbe wa bodi za shule za chata Minnesota, nimeyamaliza na haya ndo maoni yangu

Habari zenu ndugu zangu. Mwaka jana nilichaguliwa mjumbe wa bodi kwenye shule ya chata anayosoma mwanangu hapa Minnesota, Marekani, nafasi ya mzazi, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba lazima nikasome kwanza. Sio hiari. Sheria ya jimbo inamtaka kila mjumbe mpya apate mafunzo ya mambo matatu, yaani kazi za bodi, mambo ya ajira na usimamizi wa fedha, usipoyamaliza kwa muda uliowekwa kiti unakikosa. Sasa naona wenzetu wengi wa Afrika Mashariki huku Brooklyn Park wanaombwa waingie kwenye hizi bodi na kila mtu anauliza mafunzo yakoje, basi nimeona niandike.

Kwa asiyejua, chata (kwa Kiingereza charter) ni shule ya umma kabisa, hakuna ada, ila inaendeshwa na bodi yake yenyewe sio wilaya ya elimu, kwa mkataba na taasisi iliyoipa kibali. Zilianzia hapa hapa Minnesota, sheria ilipita 1991 na ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa St. Paul 1992. Na kwenye bodi lazima awepo mzazi, mwalimu wa shule hiyo na mtu wa jamii, kwa hiyo dereva, nesi, mwenye duka, yeyote anaweza kujikuta anapitisha bajeti ya mamilioni ya dola za watoto wa watu. Ndio maana nayachukulia haya mafunzo kwa uzito.

Nimesoma kwa watoa mafunzo wawili tofauti, majina naomba niyaache. Wa kwanza ni wale wa video za onlaini. Nilikuwa naangalia asubuhi nikitoka zamu ya usiku, mtu anasoma slaidi mwanzo mwisho, mwishoni maswali ya ndiyo au hapana ambayo hata mwanangu wa darasa la tano angeyajibu, unabonyeza cheti kinatoka. Cheti nilipata. Halafu kikao cha kwanza ikaletwa ripoti ya fedha kurasa kumi na moja, mwenyekiti akauliza kuna swali, kimya, nikanyoosha mkono kupitisha kitu ambacho mtu akinisimamisha mlangoni nisingeweza kumweleza. Nilirudi nyumbani roho inaniuma kwa kweli.

Wa pili ndio ninaotaka kuwasifia. Hawa wanakuja wenyewe shuleni, Jumamosi mbili, bodi nzima mnakaa pamoja na mkuu wa shule kwenye maktaba. Wiki mbili kabla wakaomba karatasi zetu: bajeti, ripoti za fedha za miezi sita, na ule mkataba. Hapo tu nikajua hawa wamekuja kazini.

Mama aliyetufundisha aliwahi kuwa mhasibu wa shule. Akaweka ripoti yetu wenyewe ukutani, akafunika mstari mmoja kwa karatasi, akauliza namba gani hapa ni ya muhimu kuliko zote? Wote tukasema mishahara. Akafunua. Idadi ya watoto. Bajeti ilipangwa kwa watoto 310, waliokuwepo darasani 292. Pesa ya jimbo inamfuata mtoto, mtoto akiondoka inaondoka naye, na chata haiwezi kwenda kuomba kodi ya majengo kwa wananchi kama wilaya inavyofanya. Tena jengo lenyewe tumepanga, jimbo linasaidia mpaka asilimia 90 ya pango lakini kuna ukomo unaohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, kwa hiyo watoto wakipungua unaweza kuumia mara mbili. Miezi sita nzima ile namba tulikuwa nayo mezani na hakuna aliyeiona!

Akatugawia penseli. Chukua matumizi ya mwaka gawa kwa 365, hiyo ndo gharama ya siku moja, sasa chukua pesa iliyopo benki gawa kwa hiyo gharama, unapata shule inaweza kuishi siku ngapi bila kuingiza hata senti. Mama mmoja wa Kisomali aliyekaa pembeni yangu, ana duka la nguo, alimaliza wa kwanza akasema kumbe hii ni hesabu ya duka tu jamani. Tangu siku ile kila kikao yeye ndo anauliza siku zimebaki ngapi, na mkuu wa shule anakuja na jibu tayari.

Kitu kingine kilichonishtua ni grupu letu la WhatsApp. Tulikuwa tunajadili humo mambo ya bodi, nani anakubali nani anakataa, tunakuja kikaoni tumeshamaliza. Kumbe kuna sheria ya vikao vya wazi, wajumbe wakitosha akidi wakajadili mambo ya shule pembeni, hata kwa simu ya mkononi, wanaweza kuwa wameivunja. Faini inafika dola 300 na inatoka mfukoni mwako, shule hairuhusiwi kukulipia, na ukivunja makusudi mara tatu kiti huna. Grupu tumelibakiza la kukumbushana tarehe tu.

Kwa upande wa mkuu wa shule, hawa wakufunzi wamenipungukia. Huku kama kiongozi hana leseni ya uongozi wa shule, bodi na yeye lazima waandae mpango wa kumwendeleza, na wetu hana. Hilo pamoja na namna ya kumpima kwa mwaka walilitengea nusu saa ya mwisho Jumamosi ya pili, watu wameshachoka, wakatuachia fomu. Bado tunahangaika nayo.

Walimu nao wana siku yao ya mafunzo na wakufunzi hawa hawa mwezi wa nane. Mwalimu aliyeko kwenye bodi yetu ameniambia waliwekwa wote ukumbi mmoja, wa chekechea na wa darasa la nane, wanasikiliza kitu kimoja, haikumsaidia. Ila wakufunzi hao wana huduma nyingine ya kocha, anakuja darasani anakaa nyuma dakika kumi na tano, anakupa kitu kimoja tu, wiki inayofuata anarudi kuangalia kitu hicho hicho. Yeye aliambiwa akishauliza swali ahesabu moyoni mpaka tano kabla ya kumchagua mtoto. Anasema watoto wanaojifunza Kiingereza, waliokuwa hawanyooshi mkono kabisa, wameanza kunyoosha. Mimi hiyo ndo nitakayoipigania kwenye bajeti ijayo, ile siku ya ukumbini waiache.

Hawa wa pili nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu Jumamosi ni saa tatu asubuhi mpaka saa tisa na hakuna pa kuacha watoto, baba mmoja Mkongo kwenye bodi yetu ilibidi aondoke saa sita akamchukue binti yake, kipindi cha fedha kikampita. Nimewaandikia wafanye jioni na waweke mtu wa kuangalia watoto. Wamenijibu wanalifikiria, na yule baba nimempa daftari langu anakili.