Kipimo cha EEG cha mwanangu, na nesi aliyeita "wa kifafa" kwenye korido

Hospitali sitaitaja. Ni kubwa, ipo Dar es Salaam, na mashine zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni juu ya neno moja lililotamkwa kwenye korido mwanangu akisikia, na mpaka leo nikilikumbuka moyo unanidunda.

Binti yangu ana miaka 9, anaanguka tangu akiwa na 6. Asili yetu ni Mahenge, Ulanga, na mtu wa Mahenge huna haja ya kumweleza kifafa ni nini. Kule kimeingia nyumba kwa nyumba, kliniki yake ipo tangu miaka ya 1960, na wataalamu wanakihusisha na minyoo inayoenezwa na usubi wa mitoni. Dada yake bibi yangu aliangukia moto jikoni, na waliokuwepo walichelewa kumvuta kwa kuogopa povu. Kwa hiyo mimi neno hilo likitamkwa kwa sauti mbele za watu, nalisikia tofauti na wengine.

Daktari aliandika kipimo cha EEG, wenyewe wanaita cha umeme wa ubongo. Maelezo niliyopewa yalikuwa haya tu: mtoto asilale sana usiku, aje na usingizi. Dirishani nikapewa tarehe na risiti, basi. Jioni ya kuamkia siku hiyo tukafikia Kimara kwa shangazi yake, naye kwa mapenzi yake akampeleka saluni. Rasta za kichwa kizima, shilingi 15,000, na mafuta juu yake yanang'aa, mtoto aende hospitali amependeza. Saa nane usiku nikamwamsha. Alikuwa anasinzia amekaa, nampangusa uso kwa maji, namsimulia hadithi mpaka sauti ikanikauka. Chai sikumpa, maana vipimo vingi nilivyovizoea unaambiwa usile. Dawa yake ya asubuhi nayo sikumpa, nikihofia itaharibu majibu. Alfajiri tukapanda mwendokasi.

Tulikaa benchi lililo chini ya feni. Mlango ukafunguliwa, nesi kijana akatoa kichwa: "Wa kifafa yuko wapi? Wa kifafa!"

Nikanyoosha mkono. Kaka mmoja aliyekaa karibu na mwanangu akachukua begi lake, akahamia benchi la ukutani, kwenye joto. Mwanangu akamfuata kwa macho mpaka akakaa.

Nesi alipouona ule ususi akabadilika. "Mama, ndiyo nini hiki? Hujaambiwa kichwa kije kitupu?" Nikamwambia sijaambiwa. "Mnakuja kwenye kipimo kama mnaenda harusini. Kafumueni, mpange tarehe nyingine." Nikamwambia sista, tumetoka mbali, mtoto hajalala. Akafunga mlango nikiwa bado naongea.

Ningeandika siku ile, ningewaambia msikanyage pale kabisa, na ningemalizia hapo. Lakini haki itendeke.

Alikuja muuguzi mwingine, mama mtu mzima, akamwangalia mtoto kabla ya kuniangalia mimi. "Amekula?" Hapana. "Dawa amemeza?" Hapana. Akashusha pumzi, akaniambia taratibu kwamba njaa nayo inabadilisha mawimbi ya ubongo, kwa hiyo kwa kipimo hiki mtoto anakula, na kwamba dawa ya kifafa haiachwi hata siku moja mpaka daktari aseme. Akatuma mtu alete chai na chapati. Kisha akatoa kitana chenye mkia mfukoni, akakaa na sisi pale benchini. Yeye akafumua upande wa kushoto, mimi wa kulia. Rasta zikajaa mfuko wa rambo. Akampeleka kwenye sinki, akamuosha kichwa kwa sabuni ya kipande mara mbili mpaka mafuta yakatoka, nikamkausha kwa kanga yangu.

Mwanangu akamuuliza swali ambalo kumbe alikuwa amelala nalo: "Nitapigwa shoti?" Yule mama akamwambia, "Hapana, mwanangu. Hivi vidude havikuingizii kitu, vinasikiliza tu. Kichwa chako kinaongea, mashine inaandika."

Ndani, fundi akapima kichwa kwa utepe, akaweka alama kwa kalamu nyekundu, akabandika vile vidude kwa uji mzito, zaidi ya ishirini. Mtoto akaambiwa apulize kama anayepoza uji wa moto, dakika tatu, kisha akamulikwa taa ya kumetameta. Mwisho akalala. Mama yule hakuondoka. Aliniuliza: akianguka, anaanza mkono upi? Miaka mitatu nazunguka na mtoto huyu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Nikamwambia wa kushoto, mdomo unavutika kwanza, halafu macho. Akaandika kila neno, akaandika na saa aliyoanguka mara ya mwisho na saa aliyomeza dawa. Nililia pale pale.

Sasa niwaambie nini? Nendeni? Kwa mama yule, ndiyo, hata kwa miguu. Lakini nikifikiria zaidi hasira inarudi. Ingekuwa siku yake ya mapumziko, je? Tungerudi Mahenge na risiti. Karatasi moja tu ya kutwambia kichwa kioshwe, kisisukwe, kisipakwe mafuta, mtoto ale na ameze dawa zake, inashindikana nini kutolewa pale dirishani? Yule kijana nilimwona tena mchana, peke yake, foleni imefika ngazini, na nikamhurumia kidogo, maana huenda alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Kuhusu nywele nimemsamehe, kosa lilianzia kwa wasiotuambia. Kumwita mtoto kwa ugonjwa wake sijamsamehe. Jina lake lilikuwa kwenye faili aliloshika mkononi.

Tulirudi Kimara na mwendokasi, kichwa cha mwanangu kimesimama kwa ule uji uliokauka, nimemfunika kanga. Nilijua atadai rasta zake. Hakuzitaja. Tulipofika Manzese ndipo akauliza, "Mama, yule kaka alihama kwa sababu yangu?"

Nikamwambia alikuwa anafuata feni.